Usingizi wa Mchana

Jerusa aliiona picha ile kwa mara ya kwanza dukani Sotik, kwenye kalenda iliyotundikwa juu ya magunia ya chumvi. Alikuwa ameingia kununua taa. Mwenye duka alipogeuka kutafuta utambi, Jerusa akainua macho, akajiona mwenyewe.

Alikuwa ameketi chini ukingoni mwa shamba la chai, kitambaa cheupe kichwani, ukungu nyuma yake. Mapajani mwake alilala mtoto. Mistari ya chai iliteremka kutoka pande zote mbili ikakutana pale alipoketi, kana kwamba kilima kizima kilipandwa ili kumwonyesha yeye. Chini ya picha kulikuwa na maneno ya Kiingereza. Jerusa alikuwa amesomeshwa na wamisheni kule kando ya ziwa, akaweza kuyasoma. Yalisema: Usingizi wa Mchana.

"Picha nzuri hiyo," alisema mwenye duka. "Kampuni ya chai inagawa kila mwaka mpya. Wateja wote wanaipenda. Tazama mtoto alivyolala, hana habari."

Jerusa akaiacha taa pale mezani, akatoka.

Mtoto hakuwa amelala. Aliitwa Okoth, kwa kuwa alizaliwa mvua ikinyesha, na asubuhi ile ya mwaka wa 1931 alikuwa amekufa kwa homa ya mapafu katika laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi, kwenye shamba ambako baba yake, Alfayo Owino, alikuwa karani wa kupima majani. Alfayo alikuwa amekwenda kiwandani kumwomba fundi mbao za jeneza. Nyumba ilijaa watu na moshi, Jerusa akashindwa kupumua, akambeba mwanawe akaenda kukaa naye nje ukingoni mwa chai. Jirani yake Marcella alimfuata, akaketi kando.

Ndipo akaja kijana mmoja mwenye koti zuri, amebeba kamera kubwa ya miguu mitatu. Meneja alikuwa amemwita aje kupiga picha za shamba. Marcella akainuka, akamwendea. Jerusa alisikia kila neno.

"Ndugu, pita. Mtoto huyu amekufa."

"Sitakawia," kijana akajibu.

Akaingiza kichwa ndani ya kitambaa chake cheusi. Kisha sauti ikatoka mle ndani, ya upole, sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa na wanaosimama mbele ya kamera. "Usisogee, mama. Hivyo hivyo. Usisogee."

Na Jerusa hakusogea. Hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko yote. Angeweza kugeuza uso. Angeweza kumfunika mtoto. Lakini aliambiwa asisogee, na siku ile hakuwa na nguvu ya kumkatalia mtu yeyote jambo lolote.

Baada ya hapo hawakuweza kukaa tena shambani. Alfayo alipata kazi ya ukarani mjini Kericho, na Jerusa, kwa kuwa mkono wake ulikuwa mtulivu, akaajiriwa na Mgoa mmoja, mtu wa Goa huko Uhindi, mwenye duka la picha. Kazi yake ilikuwa kutia rangi. Watu walikuja wakapigwa picha, picha zikatoka zikiwa nyeusi na nyeupe, naye Jerusa akaketi dirishani na brashi nyembamba, akayatia mashavu uhai, magauni samawati, maua wekundu. Mtu akiangalia nyuso kwa namna hiyo siku nzima, mwaka baada ya mwaka, hujifunza mambo. Alijua nani amekasirika na nani anajifanya. Alijua nuru imetoka wapi. Alijua mahali ambapo jicho la mtazamaji lingekwenda kwanza na mahali ambapo lingechoka.

Mjini Kericho siku hizo walikuwapo Waafrika wachache wenye kamera za sanduku, zile ndogo za kuning'iniza shingoni. Aliyewakusanya alikuwa Ombati, dresa, mfunga vidonda wa hospitali, Mkisii mpole aliyependa ndege kupita kiasi. Jumapili moja kila mwezi, baada ya ibada, walikutana katika darasa la misheni, wakafunga kamba kutoka dirisha hadi dirisha, wakabana picha zao juu yake kwa vibanio vya nguo. Kisha wakazungumza, picha moja baada ya nyingine. Walijiita Chama cha Picha. Ombati ndiye aliyemwomba Jerusa aje, ingawa hakuwa na kamera. Alikuwa amemsikia dukani akizungumza juu ya picha ya mtu, akataka kumsikia tena.

Hawakujuta. Siku Ombati alipoleta picha ya korongo mwenye taji, waliopo wote walisema ni nzuri. Jerusa aliisogelea.

"Korongo ni mzuri, Ndugu Ombati, lakini ulimpiga ukiwa umesimama. Ndiyo maana anaonekana kama kitu kilichoangushwa kwenye nyasi. Safari nyingine lala chini, kwenye matope kabisa, mpaka kichwa chake kipite juu ya ule mstari wa miti, kiwe angani. Halafu ngoja. Usipige anapokula. Piga anaposikia kitu."

Ombati alikwenda akalala kwenye matope. Picha aliyorudi nayo iliwanyamazisha wote.

Kwa mwalimu Nyamwange, aliyependa maua, alisema, "Umeliweka ua katikati kabisa kama msumari. Lisogeze kando. Tazama hili jani lililoliwa na wadudu. Mimi macho yangu yamekaa hapa muda wote. Hadithi iko hapa." Nyamwange alicheka, lakini tangu siku hiyo majani yaliyoliwa yakawa ndiyo kazi yake.

Walimwamini kwa sababu hakusifu ili apendwe, wala hakukosoa ili aogopwe. Alichokiona ndicho alichosema.

Mwanzoni mwa mwaka wa 1936 akaja mwanachama mpya. Aliitwa Ephantus Mureithi, mtu wa Nyeri, aliyefungua studio yake mwenyewe nyuma ya soko. Yeye peke yake ndiye aliyekula kwa kazi ya kupiga picha, na wengine walimpokea kwa heshima. Jerusa alikuwa amekaa nyuma, akifuta chaki kwenye benchi kwa kitambaa. Ombati aliinua picha moja karibu na dirisha ili mgeni aione, mkono ukamtetemeka kidogo.

"Hivyo hivyo," mgeni akamwambia kwa upole. "Usisogee."

Kitambaa kikamponyoka Jerusa mkononi.

Ephantus alipojulishwa kwake alimpa mkono, akainamisha kichwa. "Nimesikia sifa zako, dada. Nilikuwa nikingoja siku hii." Alimtazama usoni moja kwa moja. Hakumjua. Hakuonyesha hata dalili ya kujiuliza alimwona wapi.

Jioni hiyo Jerusa alimwambia mumewe. Alfayo alivaa viatu aende kumpiga. Jerusa akasimama mlangoni.

"Ukimpiga atapona," akasema. "Kaa."

Mwezi uliofuata Ephantus alileta picha ya mzee wa Kipsigis aliyetoka kuteremka mtini na asali. Moshi ulikuwa bado ukimzunguka. Nuru ilitoka ubavuni, ikagusa vidole vilivyolowa asali, ikapanda hadi kwenye uso. Nyuki mmoja alikuwa ametua kwenye shavu la mzee, na mzee alikuwa akicheka mdomo wazi, hana habari na nyuki wala na kamera. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote zilizowahi kubanwa kwenye kamba ile. Jerusa alilijua hilo kabla hajaifikia.

"Sema ukweli, dada," Ephantus akasema. Alikuwa akitabasamu.

Jerusa aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, kwa sauti ileile aliyoitumia kwa korongo na kwa maua, "Moshi umekaa vizuri. Nyuki anapendeza. Lakini mzee mwenyewe simwoni. Namwona mtu aliyeambiwa acheke."

"Sikumwambia acheke."

"Huenda hukumwambia kwa mdomo. Lakini anakuona wewe, haoni asali yake. Watu wako wanaigiza mbele yako, Ndugu Ephantus. Sijui sababu. Labda unawaendea kwa haraka."

Ombati alifungua mdomo kama anayetaka kusema neno, akaufunga. Kama Jerusa hakumwona mzee, akawaza, basi huenda hakuwapo. Ephantus akaisogelea picha yake mwenyewe, akaikodolea macho, na Jerusa akaona lile neno likimwingia. Tabasamu lilimtoka polepole. Jerusa alirudi kwenye benchi lake akahisi mwili una joto zuri, kama mtu aliyekunywa uji asubuhi ya baridi.

Toka hapo aliifanya kazi hiyo kwa uangalifu, kama kutia rangi, tone kwa tone. Hakumkosoa kila kitu. Alimsifu, na sifa ndizo zilizomharibu zaidi. Ephantus akileta picha ya mkulima na ng'ombe wake, Jerusa alisifu mawingu. Akileta picha ya harusi, Jerusa alizungumza juu ya mti uliosimama nyuma ya maarusi. "Una mkono wa miti na maji," alimwambia. "Si kila mpiga picha amejaliwa watu."

Ephantus akaanza kuacha watu. Alipanda kwenda kupiga maporomoko ya maji, akapiga visiki msituni, akapiga mistari ya chai ikiwa na umande. Hazikuwa picha mbaya. Zilikuwa za kawaida, za mtu yeyote mwenye kamera aliyeamka mapema. Jerusa alizisifu kwa sauti ya kutosha tu kumrudisha huko.

Na studioni kwake mambo yakaanza kwenda kombo. Watu walisimulia. Ukienda kwa Mureithi, walisema, anakupanga, anakutazama, anakupangua. Anaingia kwenye kitambaa chake anatoka bila kupiga. Anakuomba radhi. Bwana mmoja wa Soin alileta familia nzima imevaa nguo za Pasaka, wakasimama mpaka watoto wakalia, na mwishowe Ephantus akawaambia warudi siku nyingine kwa sababu yeye hawaoni vizuri. Hawakurudi. Walikwenda kwa Mgoa. Picha yao ikafika mezani kwa Jerusa, naye akayatia mashavu ya watoto wale rangi ya waridi, moja baada ya jingine, bila haraka, akijua walikotoka.

Alasiri moja mwanamke alibisha nyumbani kwake, mtoto mchanga mgongoni. Alikuwa Wacuka, mke wa Ephantus. Jerusa alimkaribisha, akamwekea chai. Wacuka hakuigusa.

"Mama, mimi sijui mambo ya picha," akasema. "Lakini mume wangu anakutaja wewe kila siku. Dada Jerusa amesema hivi, dada Jerusa ameona vile. Zamani alikuwa akipiga picha anaimba. Sasa anakaa mbele ya picha zake za zamani, anazichana. Anasema hazina watu ndani, zina nguo tu. Nimekuja kukuomba umwambie neno moja jema."

"Namwambia ninachokiona," Jerusa akasema.

"Na huoni hata moja iliyo nzuri?"

Mtoto aliyekuwa mgongoni alikohoa kidogo, kikohozi chepesi cha vumbi. Jerusa alitazama mkono wa Wacuka ulivyokwenda nyuma kumpigapiga mtoto bila yeye mwenyewe kujua, na kwa muda alidhani kwamba angesema. Lile neno lilikuwa tayari. Lakini alipofungua mdomo aliikumbuka ile sauti ndani ya kitambaa cheusi, na kilichotoka kilikuwa kingine.

"Mwambie aendelee na miti," akasema.

Wacuka alimtazama, akamfunga mtoto vizuri, akaondoka.

Karibu na mwisho wa mwaka chama kiliamua kupeleka picha kwenye maonyesho ya Nakuru, picha moja kwa kila mtu. Jumapili ya kuchagua, Ombati alileta korongo wake, Nyamwange jani lake. Ephantus alikuja wa mwisho. Alikuwa amekonda, na ndevu hazikuwa zimenyolewa vizuri. Alikuwa na picha moja tu, kubwa, ndani ya karatasi ya kaki.

"Sina mpya," akasema. "Nimetafuta. Hii niliipiga zamani, kampuni ikaipenda ikaiweka kwenye kalenda. Nimeitundika ukutani kwangu muda wote huu. Nimeileta kwa sababu ndiyo peke yake ninayoiamini bado. Dada, kama hii nayo haina watu, niambie nijue."

Akaibana kwenye kamba. Ilikuwa Usingizi wa Mchana.

Nyamwange alipiga mluzi wa chini. Alisema aliwahi kuiona kwenye kalenda na hakujua imepigwa na mtu wao. Alisema ina utulivu. Ombati alisema mtoto anamtamanisha mtu kulala. Ephantus hakuwasikiliza. Alimtazama Jerusa tu.

Jerusa akainuka, akaikaribia. Hakuwa ameiona ikiwa kubwa hivyo. Aliona hata uzi uliofumuka kwenye kofia ya Okoth, ile ya sufu aliyoifuma yeye mwenyewe.

"Nianze na mahali," akasema. Sauti yake haikubadilika. "Mistari hii ya chai inateremka kutoka pande mbili, inakuleta kwa mama bila wewe kujua kwamba unaletwa. Ukungu umefuta kila kitu nyuma, hakuna mti wala mtu wa kukupotezea macho. Aliyepiga alisimama pazuri kuliko pote. Angesogea kidogo tu, ingeharibika."

Ephantus alifumba macho, akashusha pumzi. Mabega yake yalilegea.

"Sasa tazameni mkono wa mama. Huu wa kulia. Uko wapi?"

Nyamwange akasogea. "Chini ya kidevu cha mtoto."

"Unafanya nini pale?"

"Labda anambembeleza."

"Mtoto aliyelala hashikwi kidevu. Anaachwa mdomo wazi, mate yamtoke, hakuna anayejali. Ndugu Ombati, wewe kwa kazi yako umewahi kuona mkono ukikaa hivi."

Ombati aliitazama picha, na uso wake ukabadilika. "Nimeuona," akasema mwishowe. "Ni pale watu wanapouzuia mdomo usifunguke, mpaka mwili ukauke."

Jerusa alirudi kwenye benchi, akaketi. Akaukunja mtandio wake akauweka mapajani, akauingiza mkono wa kulia chini yake, kiganja juu, vidole vimekunjwa kidogo. Akainamisha uso vilevile. Wakaitazama picha, wakamtazama yeye.

"Mwanangu anaitwa Okoth," akasema. "Umekaa na uso wangu ukutani kwako, Ndugu Ephantus. Umekaa nami katika darasa hili mwaka mzima, ukiniomba maoni. Hukunijua."

Ephantus alishika ukingo wa dawati. "Nilidhani amelala."

"Marcella alikuambia. Nilikuwa nikisikia."

Nyamwange akageuka upande mwingine kwa aibu ya kumwona mwenzake. Kisha Ephantus akasema, kwa sauti ndogo, "Aliniambia. Lakini ukungu ulikuwa unaondoka."

Jerusa aliutandaza mtandio wake akajifunika mabega.

"Picha yako ni nzuri," akasema. "Kosa lake ni jina."

Siku iliyofuata, alasiri, Ephantus alikuja nyumbani kwao. Kofia ilikuwa mkononi. Alileta kile kioo ambacho picha ilinaswa juu yake, amekifunga kwa kitambaa, pamoja na nakala zote alizokuwa nazo. Alisema amewaandikia watu wa kampuni wasiichapishe tena, ingawa hakujua kama watamsikiliza. Jerusa alikuwa amekusudia kukivunja kioo pale mlangoni mbele yake. Alikwisha kuchagua jiwe. Lakini Alfayo alitoka ndani, akakipokea kwa mikono miwili, akakiinua kuelekea mbinguni ili nuru ipite. Juu ya kioo, mahali peupe palikuwa peusi na peusi palikuwa peupe, lakini uso wa mtoto ulionekana. Alfayo hakuwahi kuwa na picha nyingine ya mwanawe. Alikifunga tena kwa kile kitambaa, akaingia nacho ndani, na Jerusa hakumwuliza alikiweka wapi, siku ile wala baadaye.

Ephantus alibaki amesimama.

"Samahani haitoshi, najua," akasema. "Sikuja kuomba unisamehe. Nimekuja kuuliza jambo moja. Yale uliyoniambia mwaka mzima. Mzee wa asali. Harusi. Wale watu wote. Ulikuwa ukiniambia ulichokiona, au ulikuwa ukinilipiza?"

Jerusa alimtazama. Hakuwa amewahi kuwa na mtu mkononi mwake namna ile. Neno moja lingemwangusha, na jingine lingemwinua, na yote mawili alikuwa nayo.

"Wewe ndiwe mpiga picha," akasema. "Tazama mwenyewe."

"Siwezi. Nikitazama nasikia sauti yako."

"Basi uisikilize."

Akafunga mlango. Alisimama nyuma yake mpaka nyayo zikaisha njiani, na moyo wake ulijaa, ukajaa hasa, na hakujidanganya kwamba ni huzuni.

Ephantus aliuza kamera yake kwa Mgoa kabla ya Krismasi, akafunga studio, akahamia Mulot na mkewe kununua na kuuza ng'ombe. Korongo wa Ombati alipata nafasi ya pili huko Nakuru. Chama kiliendelea, ingawa walikuwa wachache na walizungumza kwa sauti ya chini zaidi.

Miaka miwili baadaye Ombati alipita dukani, akamkuta Jerusa dirishani na brashi yake. Alikuwa ametoka Mulot kuchanja watu. Alisema amemwona Ephantus. Amenenepa, ana watoto wawili, ng'ombe wake wanauzika. Ombati alikuwa amempa kamera yake aishike kidogo, aone kama hamu itamrudia. Ephantus aliipokea, akaigeuza, akairudisha. Alisema macho yake hayafai.

Jerusa alichovya brashi, akaendelea na ua la gauni.

"Dada," Ombati akasema, "ile picha ya mzee wa asali. Wewe ulisema haina mtu. Mimi niliiona nzuri sana, nikanyamaza kwa sababu ni wewe uliyesema."

"Ilikuwa nzuri," Jerusa akasema. "Sijaona nzuri kuliko ile."

Ombati alitikisa kichwa polepole, kama anayeafiki jambo alilolijua muda mrefu. Hakumlaumu. Alifungua mkoba wake, akatoa picha mpya aliyokuwa amekuja nayo, ya kunguru wawili juu ya mzoga wa ng'ombe barabarani, mmoja akimtazama mwenzake na si nyama. Akaiweka mezani mbele yake.

Jerusa aliiacha brashi. Aliitazama kwa muda, akaiinamia, akaitazama tena. Furaha ya kweli ilimpanda, ile ya siku za kwanza.

"Hii ni nzuri, Ndugu Ombati," akasema. "Usikate kitu chochote. Iache hivi."

Ombati hakutabasamu. Alimtazama machoni, kwa adabu, kama anavyomtazama mgonjwa anayemwambia hasikii maumivu.

"Kweli?" akauliza.

"Kweli," Jerusa akasema.

Ombati alingoja kidogo, kisha akaichukua picha yake, akairudisha mkobani kwa uangalifu, akamshukuru, akatoka. Baadaye Jerusa alisikia kwamba siku hiyohiyo alikuwa amempelekea Nyamwange aione, amwambie anaionaje.